Mtaa Mpya, Wenyeji Walewale

Nikiletewa ramani ya mradi wa kufufua mtaa uliochakaa, swali langu la kwanza ni moja: ardhi iliyo chini ya nyumba hizo itabaki mikononi mwa nani? Nyumba mpya hupandisha thamani ya mtaa mzima, na kodi ya pango hupanda nayo. Mpangaji aliyevumilia miaka ya taka na mapagala hulazimika kuhama pale mambo yanapoanza kunoga. Ndiyo maana napigia debe umiliki, ila si umiliki wa kila aina.

Mfano niupendao ni Dudley Street, eneo la Roxbury mjini Boston. Majengo mengi yaliteketea kwa moto wa makusudi, viwanja vikabaki vitupu na kugeuzwa jaa. Mwaka 1984 wakazi waliunda shirika lao, Dudley Street Neighborhood Initiative. Mwaka 1988 wakapewa mamlaka ambayo ni nadra sana kundi la wananchi kuyapata: kutwaa viwanja vitupu kwa lazima na kulipa fidia. Wasomaji wengi hulipita jambo hili haraka, kumbe ndilo kiini. Viwanja vilikuwa vya wamiliki tofauti, vimetapakaa. Huwezi kujenga mtaa huku kila nyumba ya tatu ikipakana na jaa.

Ardhi ile iliwekwa katika amana ya jamii, yaani chombo kinachoshikilia ardhi kwa niaba ya wakazi. Mnunuzi anamiliki nyumba, amana inabaki na ardhi na kumkodisha kwa miaka 99. Tuchukue hesabu ya kubuni. Nyumba na kiwanja sokoni ni 200, lakini mnunuzi analipa 120 kwa sababu hanunui ardhi. Baada ya miaka kumi soko linasema 280. Mkataba ukimpa robo ya ongezeko la 80, atauza kwa 140. Anaondoka na faida yake ya 20 pamoja na sehemu ya mkopo aliyokwisha kulipa, na familia inayofuata nayo inaweza kununua.

Wapo wanaolalamika kwamba huku ni kumnyima mtu wa kipato cha chini utajiri ambao tajiri anaachiwa. Hoja hiyo ina uzito. Jibu langu ni kwamba bila punguzo lile asingenunua kabisa, na amana humlinda pia anapoyumba. Nchini Marekani, mwishoni mwa 2010, mikopo ya wamiliki wa aina hii iliyokuwa katika hatua ya nyumba kutwaliwa ilikuwa asilimia 0.46, dhidi ya 4.63 katika soko la kawaida. Mwenye nyumba akichelewesha marejesho, amana huzungumza na benki mapema.

Kinachosahaulika zaidi ni matengenezo. Mpangaji wa jana hajawahi kununua paa. Mradi usiotenga mfuko wa ukarabati tangu siku ya kukabidhi funguo, mimi siupitishi, hata michoro yake ikiwa mizuri vipi.