Je, Wajua Kwa Nini Meneja Aliyefaulu Idara Moja Hushindwa Nyingine?

Meneja aliyesifiwa kwa kuinua idara moja huhamishiwa nyingine akiwa na elimu ileile, bidii ileile na ukali uleule, lakini baada ya miezi michache kazi inamharibikia. Wengi hudhani amelegea. Nadharia za uongozi zina maelezo mengine, nami nayaona yanamtendea haki zaidi.

Zamani iliaminika kwamba kiongozi huzaliwa, hoja ambayo Thomas Carlyle, mwandishi wa Uskoti, aliipa nguvu katika mihadhara yake ya mwaka 1840 jijini London. Watafiti wakaanza kuzisaka sifa za kiongozi huyo wa kuzaliwa. Mwaka 1948 Ralph Stogdill wa Marekani, baada ya kupitia tafiti zaidi ya 100, alihitimisha kwamba hakuna mkusanyiko wa sifa unaomfanya mtu kuwa kiongozi popote aendapo.

Aliyechimba zaidi ni mwanasaikolojia Fred Fiedler, ambaye badala ya kuwauliza mameneja wanajionaje, aliwataka wamfikirie mtu aliyewawia mgumu kuliko wote kufanya naye kazi, kisha wampime. Aliyempima mtu huyo kwa ukali alihesabiwa kuwa hutanguliza kazi. Aliyeona mazuri hata kwake, kuwa hutanguliza uhusiano. Fiedler aliangalia pia mambo matatu: iwapo wafanyakazi wanamwamini meneja, iwapo kazi ina hatua zilizo wazi, na iwapo cheo kinampa uwezo wa kutuza na kuadhibu. Mambo hayo yote yakiwepo, au yote yakikosekana, anayetanguliza kazi ndiye hufanya vizuri. Lakini hali ikiwa ya katikati, ambapo watu wanahitaji kusikilizwa kabla ya kusukumwa, anayetanguliza uhusiano humpita.

Kwa kuwa aliamini tabia ya mtu haibadiliki kirahisi, Fiedler alishauri mazingira ya kazi ndiyo yarekebishwe. Wataalamu wa uongozi Paul Hersey na Ken Blanchard, mwaka 1969, walitaka meneja mwenyewe abadilike, amwelekeze kwa karibu aliye mgeni wa kazi na kumwachia uamuzi aliyekomaa. Shauri hilo nalipenda zaidi, ingawa linadai mengi, kwa maana haliwezekani bila kumjua kila mfanyakazi.

Huenda yule meneja aliyehamishwa alitoka kwenye kazi yenye taratibu zilizoandikwa, akaingia kwenye kazi ya kubuni, ambako amri zake zinawanyamazisha watu walewale ambao mawazo yao anayahitaji.