Dodoso Halipimi Kichwa

Mteja akiketi mbele yangu hapa Mwanza na kusema, “Tunataka kujua wananchi wangapi hawajui sayansi,” najua kabla hajamaliza kwamba atanitajia Wamarekani na jua. Amesoma mahali kuwa Mmarekani mmoja kati ya wanne hajui kwamba dunia huzunguka jua, naye anataka takwimu ya namna hiyo kwa wakazi wa mwambao wa ziwa: wangapi hawajui kichocho, wangapi hawajui malaria. Nimeandaa madodoso na kufundisha wadadisi kwa muda wa kutosha kulichoka ombi hili. Naliandikia leo, pamoja na dhana potofu zinazoandamana nalo, atakayekuja tena nimpe asome.

Dhana: Aliyekosa swali hajui, aliyepata anajua.

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote.

Tuanze na hao hao Wamarekani. Katika utafiti wa kitaifa wa huko wa mwaka 2012, waliolipata swali la jua walikuwa asilimia 74. Lakini swali lenyewe lina majibu mawili tu: dunia huzunguka jua, au jua huzunguka dunia. Asiyejua kabisa akirusha shilingi juu anapata nusu kwa nusu. Ikiwa wale 26 waliokosa walikuwa wakibahatisha, basi wapo 26 wengine waliobahatisha wakapata, na wanaojua kweli wanabaki 48. Ikiwa waliokosa walijichanganya tu maneno, basi wanaojua wanazidi hao 74. Namba moja, maana mbili zinazopingana, na anayeipeleka kwenye kichwa cha habari hajajiuliza ni ipi.

Kuna kubaya zaidi. Mwaka huo huo, katika utafiti huo huo, watu walipewa kauli kwamba binadamu wa leo walitokana na viumbe wa aina nyingine waliowatangulia. Asilimia 48 walisema kweli. Kundi jingine likapewa kauli ile ile, ila ikitanguliwa na maneno “kwa mujibu wa nadharia ya mageuko”. Hapo waliosema kweli wakafika 72. Kauli ya ulimwengu kuanza kwa mlipuko mkubwa ilipanda kutoka 39 hadi 60 ilipoanza na “kwa mujibu wa wanaastronomia”. Hakuna aliyepelekwa darasani hapo katikati. Walikuwepo watu wengi waliokuwa wanajua wanasayansi wanasema nini, ila wao hawakubali, na swali la kwanza likawaandika wajinga. Ulitaka kupima ujuzi, ukapima imani ya mtu, halafu unamlaumu yeye.

Sasa lete mambo hayo kwa Kiswahili, uone. Swali jingine la siku zote katika tafiti hizo: antibiotiki huua virusi pamoja na bakteria, kweli au si kweli? Jibu ni si kweli. Lifasiri, nenda nalo Igombe. Mama anayeanika dagaa anaijua “rangi mbili”, yaani vile vidonge vya antibiotiki, anajua kwamba dozi humalizwa. Lakini “antibiotiki” kwake ni neno la watu wa duka la dawa, bakteria na virusi wote ni vijidudu, na ukitamka “virusi” tu anadhani umekuja na habari za Ukimwi. Atakujibu, maana mgeni kaja na hawezi kuondoka mikono mitupu. Jibu lenyewe halihusiani na ulichouliza.

Na kichocho, ambacho ndicho kila mradi wa mwambao huu unakiulizia. Niliwahi kukabidhiwa dodoso lililoandikwa ofisini na kufasiriwa usiku mmoja. Swali: dalili za kichocho ni zipi? Kwenye ufunguo wa majibu: kuharisha damu, tumbo kuvimba. Watu wakataja damu kwenye mkojo, wakahesabiwa wamekosa. Ukweli ni kwamba vichocho viko viwili. Hapa ziwani kinachotawala ni cha tumbo. Ukiingia bara, kwenye mabwawa na majaruba, utakikuta cha mkojo, na konokono wanaovibeba ni wa aina tofauti. Jina la mtaani ni moja. Mama mmoja alimuuliza mdadisi wetu, “Mwanangu, unaulizia kichocho kipi, cha hapa au cha kwetu Kwimba?” Kishikwambi hakikuwa na pa kuandika swali la mhojiwa. Kijana akabonyeza “hajui”.

Mtu pekee aliyelizidi dodoso siku ile aliingia kwenye ripoti kama asiyejua.

Halafu kuna “ndiyo” yetu. Uliza, “Je, malaria hailetwi na kunyeshewa mvua?” Mswahili anayejua kwamba malaria huletwa na mbu atakujibu “Ndiyo”, yaani ndiyo, hailetwi. Aliyetunga ufunguo huku akifikiri Kiingereza anaisoma hiyo kuwa ndiyo, inaletwa. Nimeona jedwali zima limepinduka kwa sababu ya kiambishi kimoja, na mwenye utafiti akaanza kuniandikia aya kuhusu mila potofu za wavuvi. Usiulize kwa kukanusha. Nalisema kila semina, na kila semina kuna anayelileta.

Dhana: Watu 1,000 hawawezi kuwasemea milioni 61.

Wanaweza, wakichaguliwa kwa nasibu. Makosa ya sampuli ya namna hiyo ni kama pointi 3 juu au chini, uwe unapima Mwanza peke yake au nchi yote iliyohesabiwa watu 61,741,120 mwaka 2022. Mnunuzi mzoefu wa dagaa pale Mwaloni Kirumba hamwagi gunia zima kutafuta mchanga. Anazamisha mkono hadi katikati, anachota konzi moja. Anayechota wa juu tu ameliwa, hata angechota debe. Wanafunzi huniletea 384, ile idadi ya wahojiwa ya vitabuni, kana kwamba namba hiyo iliteremshwa. 384 waliookotwa stendi ni 384 wa stendi. Vivyo hivyo ukipeleka wadadisi kambini saa nne asubuhi, siku ambazo usiku hauna mbalamwezi: wavuvi wa dagaa wametoka kukesha ziwani, wamelala, na wewe unahoji mama lishe halafu unaandika “wavuvi”.

Dhana: Wakijua, watabadilika.

Mkoa huu umelijaribu hilo. MEMA kwa Vijana, mradi wa elimu ya afya ya uzazi ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika jamii 20, uliinua ujuzi wa vijana kuhusu VVU. Vipimo vya maabara havikuonyesha maambukizi kupungua sambamba. Na katika tafiti za mradi huo wamo waliodai hawajawahi kujamiiana, maabara ikawaumbua.

Dhana: Basi madodoso ni kazi bure.

Hapana, na wanaolisema hili huwa ni wale wale walioiamini ile ya kwanza mwaka jana. Swali lile lile, kwa maneno yale yale, likirudiwa kila baada ya miaka kadhaa, linaonyesha mwelekeo hata kama halikutungwa vizuri. Na panapowezekana, mtu apewe jambo la kufanya. Utafiti wa afya ya uzazi na malaria wa taifa hauishii kuuliza “unajua kusoma?”; wahojiwa wengi hupewa kadi yenye sentensi, wasome. Watu wa mradi uitwao Uwezo walipima watoto kwa kuwapa hesabu na hadithi pale pale nyumbani. Mimi ningewaonyesha watu konokono kwenye kopo na kuwauliza, huyu ana habari gani?

Yule wa wiki iliyopita nimemrudishia dodoso lake lenye maswali 42. Nimemwambia achague 6, aende Mwaloni akae na watu kumi, na kila swali amwombe mtu amweleze ameulizwa nini, kabla ya kujibu. Hajarudi.