Majonzi tangulizi: huzuni isiyo na matanga

Mtu akifa huku kwetu Kisumu, la kufanya linajulikana. Tenti hupigwa, majirani huleta sukari na unga, wazee huketi nje mpaka usiku wa manane, na anayelia huachwa alie. Lakini anayemuuguza mgonjwa wa saratani anaweza kuwa amelia miezi mingi kabla ya hapo, usiku, jikoni, bila tenti wala jirani. Mara nyingi hata jina la kinachomliza hana.

Tuyaite majonzi tangulizi: uchungu wa kupoteza unaomfika mtu kabla ya kupoteza kwenyewe. Humfika anayeuguza, na humfika mgonjwa pia.

Aliyeyaeleza kitaalamu mwaka 1944 ni Erich Lindemann, daktari wa akili wa Boston, Marekani. Alikuwa amewahudumia wafiwa wa moto wa ukumbi wa Cocoanut Grove, uliowaua watu 492 mwaka 1942. Katika maandishi hayo hayo aligusia wake wa wanajeshi waliokuwa vitani. Mke aliogopa kifo cha mumewe kiasi cha kumlilia na kumaliza kumlilia angali hai. Mume akarudi mzima, akakuta mapenzi yamekwisha na talaka inamngoja. Kisa hicho nakipa uzito, kwa sababu wengi hudhani kwamba ukilia mapema utapunguziwa kilio cha baadaye. Tafiti zilizofuata hazikuonyesha hivyo. Walioelemewa sana na majonzi kabla ya kifo mara nyingi ndio waliopata taabu zaidi baada yake. Na hatari iliyo karibu zaidi ni ile ya wake wa wanajeshi: kumuaga mtu angali pale kitandani, anakuona, anakusikia.

Kinacholiliwa si kifo peke yake. Mama yangu aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Kibuye kwa miaka mingi. Alipoanza kemo, zile dawa kali za saratani, harufu ya omena ikawa inamtapisha, na meza yake ikachukuliwa na mwenzake. Hakuna aliyekufa siku ile, lakini alivyokunja turubai lake, polepole, pembe kwa pembe, ungedhani anakunja nguo za marehemu. Mwingine hulilia titi lililokatwa, au ugali asioweza tena kuumeza kwa sababu ya saratani ya umio, ugonjwa ambao si mgeni magharibi mwa Kenya. Anayeuguza naye ana yake: kazi aliyoiacha, usingizi, na yule mtu aliyemwegemea zamani ambaye leo ndiye anayemwegemea yeye. Kwa hiyo majonzi haya huwafika hata wale ambao mgonjwa wao atapona, na wapo wengi wanaopona, hasa ugonjwa ukigunduliwa mapema.

Kiswahili chenyewe kililiona jambo hili. Kuugua na kuuguza ni mzizi mmoja.

Kinachotesa kuliko vyote ni hatia. Unamkorogea mgonjwa uji, mara unajikuta ukipiga hesabu ya jeneza na ya gari la kupeleka mwili nyumbani. Unashtuka, unajiona kama mchawi. Mawazo hayo si dua mbaya wala si dalili kwamba umemchoka. Ni akili inayojaribu kupima mzigo kabla haujaishukia. Ila huku kwetu kutaja kifo mbele ya mgonjwa ni kumchuria, basi unanyamaza. Mgonjwa naye ananyamaza asikuvunje moyo. Mnakaa chumba kimoja, kila mtu akimficha mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalijua.

Mimi nilifanya hivyo. Tulikuwa kwenye matatu kutoka Ahero, tukienda kliniki katika hospitali ya Jaramogi, ile ambayo wenyeji bado huiita Russia. Mama akaanza, “Mwanangu, nikiondoka…” Nikamkata: “Wacha, Mama, usijichurie.” Akageukia dirishani, hakusema tena mpaka tukashuka. Nilidhani nimempa moyo, kumbe nilikuwa nimemfungia mlango.

Aliyenifungua macho ni muuguzi wa hospisi, huduma ya kumtuliza maumivu na kumfariji mwenye ugonjwa mzito. Watu huogopa hospisi wakidhani ni chumba cha kungojea kufa, na hapo hukosa msaada mkubwa. Kisumu ina hospisi, Nakuru na Eldoret pia, na mgonjwa anaweza kuhudumiwa huku akiendelea na kemo au mionzi. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya nafsi, ya jamii na ya roho kwa pamoja. Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, ikituliza mfupa, mtu hupata nafasi ya kusema kinachomsumbua. Muuguzi yule aliniambia nisimjibu Mama, nimwulize tu: “Ulitaka kusema nini?”

Majonzi haya huja kwa mawimbi. Leo unalia, kesho mnacheka mkitazama picha za zamani. Huzuni isipoinuka hata kidogo kwa wiki mbili au zaidi, ukakosa hamu ya kila kitu, usingizi na chakula vikakataa, au ukaanza kutamani kufa, huo huenda ni ugonjwa wa unyogovu. Unatibika. Mweleze daktari au mshauri nasaha siku hiyo hiyo, iwe wewe ni mgonjwa au ndiye unayeuguza.

Jioni moja nilimwuliza Mama alichotaka kuniambia kwenye matatu. Hakutaja kaburi. Alitaka niandike anaowadai pale Kibuye na wanaomdai, maana hesabu zote alikuwa nazo kichwani. Nikaleta daftari. Tulijaza kurasa mbili, yeye akitaja majina na mimi nikiandika, kisha akasema ana njaa.