Gari likipinduka: kesi ya dereva siyo kesi yako ya fidia

Mwezi huu nimekaa na mama mmoja anayeuza dagaa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Alikuja na mfuko wa rambo umejaa makaratasi, PF3 (ile fomu ya polisi ya matibabu), picha za X-ray, risiti za dawa, barua ya rufaa kwenda hospitali ya Bugando, vyote amevitunza vizuri hata kukunjana havijakunjana. Hiace aliyopanda ilipasuka tairi la nyuma barabara ya Musoma, ikaacha njia ikapinduka. Yeye alivunjika nyonga, na mtoto wake wa miaka 6 aliyekuwa amempakata aliumia mkono ambao mpaka leo haunyooki. Nikamuuliza ajali ilikuwa lini, akasema miaka 5 sasa. Nikamuuliza mbona ulikaa kimya muda wote huo dada yangu, akasema sikukaa kimya kaka, nilikuwa nasubiri kesi ya dereva iishe ndo nilipwe.

Jibu hilo nalisikia kwenye dawati letu la msaada wa kisheria karibu kila wiki, na malalamiko ya namna hii yanaongezeka. Kwenye kampeni za Nenda kwa Usalama watu wanafundishwa mikanda na mwendo, na ni sawa kabisa, lakini ya baada ya ajali hayasemwi sana, matokeo yake mtu anapoteza haki yake huku akiamini anaifuatilia.

Sasa elewa hivi. Ajali moja inazaa kesi mbili. Ya kwanza ni ya trafiki, hiyo ni Jamhuri dhidi ya dereva, wewe uliyeumia ni shahidi tu, na faini akipigwa dereva inakwenda serikalini, haiji kwako. Ni kweli sheria inamruhusu hakimu akishamtia mtu hatiani aamuru pia alipe fidia, ila usiweke maisha yako juu ya hilo maana mara nyingi dereva mwenyewe hana kitu. Kesi ya pili ni ya madai, na hiyo haifunguliwi na polisi wala na hakimu wala na hospitali, inafunguliwa na wewe. Usipoifungua haipo! Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inakupa miaka 3 kwa madai ya uzembe, na miaka hiyo inaanza kuhesabika siku ya ajali. Siyo siku ya hukumu ya dereva. Siyo siku uliyotoka hospitali wala siku mwenye gari aliyoacha kupokea simu zako. Watu wananibishia sana hapa, wanasema lakini afande aliniambia nisubiri, na mimi nasema tena, afande alikuwa anazungumzia kesi yake.

Hukumu ya dereva ina kazi yake lakini. Akitiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, hukumu ile ni ushahidi mzito kwenye madai yako, kwa hiyo chukua nakala iliyogongwa muhuri wa mahakama. Hata akiachiwa usikate tamaa moja kwa moja, kwenye jinai upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha pasipo shaka yoyote, kwenye madai mahakama inapima upande gani una uzito zaidi. Hizo kesi mbili zinaweza kwenda pamoja.

Kuna wengine hawafungui kesi kabisa kwa sababu gari lao halikugongana na gari lingine, lilipinduka lenyewe, basi wanasema tumshitaki nani, ajali haina kinga. Jamani. Gari halipinduki tu hivi hivi. Barabara zetu hizi za Usagara, Misungwi, Magu, na huku Sengerema ambako tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 gari linaunganisha moja kwa moja bila kusubiri kivuko, ukiuliza chanzo utaambiwa tairi, kona, au dereva aliwakwepa ng'ombe. Ukiuliza zaidi unakuta tairi lilikuwa kipara, kerea ya juu ya gari imebebeshwa magunia ya dagaa mpaka gari limekuwa zito juu kuliko chini, na mwendo ni mkubwa kuliko kile kilomita 80 kwa saa ambacho magari ya abiria yanaruhusiwa. Gari la hivyo likiyumba kidogo tu linalala. Kumbe huo ni uzembe, na mwenye uzembe analipa. Dereva akiwa kazini, mwenye gari naye anabeba mzigo wake, kwa hiyo tunawashitaki wote wawili, na kampuni ya bima inaingia hapo.

Ndiyo maana nawaambia watu wadai taarifa za polisi zote, siyo PF3 peke yake. PF3 ni ya matibabu, inasema umeumia, haisemi nani alikosea. (Kama mtu anavuja damu apelekwe hospitali kwanza, PF3 itafuata, usimuache ndugu yako kituoni anasubiri karatasi.) Kwa madai tunahitaji PF 115 ambayo ni taarifa ya awali ya ajali, PF 93 ambayo ni ya ukaguzi wa gari, hapo ndo mkaguzi anaandika habari za breki na matairi, PF 90 ambayo ni taarifa ya mwisho, halafu mchoro wa eneo la ajali. Unaandika barua kwa mkuu wa trafiki wa wilaya ajali ilipotokea, unataja tarehe, mahali, namba ya gari na jina lako kama majeruhi, unaambatanisha nakala ya PF3 na kitambulisho, unabaki na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ajali ikitokea Misungwi usiende kuulizia Nyamagana. Nenda mapema, gari likishatolewa kituoni na kubadilishwa matairi hakuna wa kukuthibitishia lilikuwaje. Kama lilikuwa basi lina kifaa cha kufuatilia mwendo cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kumbukumbu zake nazo zinaweza kuombwa, mwambie wakili wako asisahau.

Tiketi tunza. Kama hukupewa, tafuta abiria wenzako wawili mkiwa bado wodini na mchukue namba zao za simu, maana baada ya mwaka mmoja kila mtu yupo kwao, mwingine Ukerewe, mwingine Kahama, na wakili wa upande wa pili atakuuliza una uthibitisho gani kwamba ulikuwa ndani ya gari.

Kwenye bima ndo kuna upotoshaji mwingi zaidi. Mtu anakuja anasema gari lile lilikuwa na bima ndogo tu kwa hiyo hakuna malipo. Hapana! Bima ndogo ndiyo yako wewe. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari kukata angalau hiyo kwa ajili ya watu wengine atakaowaumiza, na abiria aliyelipa nauli kwenye gari la biashara ni mmoja wao. Bima kubwa inaongeza ulinzi wa gari la mwenyewe. Stika siku hizi ni za kielektroniki, ukiwa na namba ya gari unaweza kuangalia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kama bima ilikuwa hai siku ile na ni ya kampuni gani, kwa hiyo hata kama huna kingine chochote shika namba ya gari. Kampuni ya bima ipelekewe taarifa mapema kwa maandishi, isije ikafika siku ya kulipa ikasema haikujulishwa kama kuna kesi.

Hapa lazima niseme ukweli kuhusu michomoko, yani magari madogo ya binafsi yanayobeba abiria wa nauli. Najua tunaipanda, usafiri wa shida, na mchomoko unaondoka ukijaa watu watano. Lakini gari lenye namba ya njano ni la binafsi, bima yake imekatwa kama ya binafsi, siku likipinduka likiwa limebeba abiria wa nauli kampuni ya bima itaandika barua kwamba gari lilitumika kinyume na mkataba. Hapo tunabaki na dereva na mwenye gari tu. Na mwenye gari naye ni nani? Kadi inasoma jina la mtu aliyeliuza miaka mitatu iliyopita, aliyenunua hajabadilisha jina, kila mmoja anamsukumia mwenzake. Nimeona madai mazuri kabisa yanazunguka hapo hapo muda mrefu mno. Gari la namba nyeupe lenye leseni ya LATRA siyo kwamba halipinduki, ila likipinduka kuna pa kushika.

Jambo lingine linaloniuma ni hizi karatasi za kitandani. Mgonjwa ana siku mbili Sekou Toure au Bugando, mguu umening'inizwa, anakuja mtu wa mwenye gari na wazee wawili, wamebeba juisi na bahasha ya laki mbili au tatu, wanasema tumekuja kukupa pole, saini hapa. Pole pokea, kwetu mtu akija kukuona humfukuzi. Ila soma ile karatasi. Kama imeandikwa "nimepokea malipo yote na sina madai mengine" usiisaini, kwa sababu umeuza mguu wako kabla daktari hajajua utatembea au hutatembea. Andika umepokea shilingi kadhaa kama msaada wa matibabu, basi. Na hata kampuni ya bima yenyewe ikikuletea hati ya kukubali malipo ya mwisho, ije tuisome kwanza.

Halafu kiasi. Watu wanakuja na milioni 100 kichwani kwa sababu wamesikia kuna mtu Dar kalipwa. Mahakama inagawa hivi, kuna fidia ya hasara halisi, yani dawa, usafiri wa kwenda kliniki, magongo, mapato uliyopoteza, na hiyo lazima uitaje kwa tarakimu na kuithibitisha kwa karatasi, bila risiti hupati hata kama ni kweli ulitumia. Kuna fidia ya jumla, ya maumivu na ulemavu, hiyo hakimu anaikadiria mwenyewe, na kinachomsaidia kukadiria ni ripoti ya daktari inayoonyesha asilimia ya ulemavu wa kudumu. Kwa hiyo risiti ya bajaji omba, na kama mwenye bajaji hana, akuandikie kwenye karatasi asaini. Mfanyabiashara mdogo unaweza kuthibitisha mapato kwa daftari lako, kwa risiti za ushuru wa soko, kwa taarifa ya miamala ya simu ya miezi kadhaa kabla ya ajali. Siyo lazima uwe na hesabu za mkaguzi.

Aliyefariki, wategemezi wake wanaweza kudai, mume au mke, watoto, wazazi, na ili madai yaende vizuri ukoo ukae, mteuliwe msimamizi wa mirathi, mfungue shauri la mirathi mahakamani mkiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao. Msigombanie nafasi hiyo, muda unakwenda huku mnagombana.

Aliyeumia akiwa kazini, mfano kondakta, utingo au mtumishi aliyetumwa na mwajiri wake, ana mlango wa WCF, yani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, vilevile, amjulishe mwajiri kwa maandishi mapema. Na kama gari lililopinduka ni la serikali, kabla ya kufungua kesi unatoa notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi inakwenda Mahakama Kuu. Ukiruka notisi kesi inatupwa nje, hilo halina mjadala, na siku hizo 90 zihesabu ndani ya mpango wako siyo wiki ya mwisho ndo unakumbuka.

Msaada wa kisheria upo kwa Sheria ya mwaka 2017, na kwa asiye na uwezo ni bure. Sisi tunaomba barua ya mtaa au kijiji, kitambulisho, na hayo makaratasi yote, halisi na nakala. Msaidizi wa kisheria atakuelekeza na kukuandikia, ila mahakamani hawezi kukusimamia, hiyo ni kazi ya wakili. Wakili jina lake linaangaliwa kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, na anayekufuata wodini akisema anajua mtu wa bima, atakufuatilia mkagawane nusu kwa nusu, usimpe PF3 yako. Haya niliyoandika ni maelezo ya jumla, kila jalada lina mambo yake.

Yule mama wa Mwaloni nilimueleza ukweli. Sheria inampa Waziri mwenye dhamana ya sheria uwezo wa kuongeza muda uliopita, lakini siyo zaidi ya nusu ya muda wenyewe, kwa miaka 3 ni mwaka mmoja na nusu. Yeye ana miaka 5. Madai ya nyonga yake yamefungwa. Alinyamaza muda mrefu, akaanza kurudisha makaratasi kwenye mfuko, nikamwambia subiri dada, ya mtoto yaache hapa mezani. Kwa mtoto miaka 3 haianzi kuhesabika mpaka atimize 18, na sasa ana 11, anaweza kufungua kupitia mzazi wake hata leo. Jumatatu wanakwenda kwa daktari kupima ule mkono, na barua ya kuomba PF 90 na PF 93 tumeshaipeleka.