Sio kila mwalimu wa chuo Marekani ana ajira ya kudumu
Wengi bado wanaamini ukifundisha chuo Marekani ndo ushatoboa, kazi ya maisha na ofisi yako. Hiyo ni stori ya zamani. 1987 karibu 47% ya walimu wa vyuo huko hawakuwa na ajira ya kudumu wala njia ya kuipata, 2021 wakafika 68%, na wengi wao ni pati taimu, wanalipwa kwa kozi, kozi ikikosa wanafunzi inafutwa na hela inaenda nayo, bima ya afya mara nyingi hamna, so mtu anafundisha chuo hiki asubuhi kile jioni. Halafu kuna wanaosema eti walimu hao wanafanya hivyo kwa kupenda uhuru!

Kurudisha ajira za kudumu inawezekana, ila pole pole sana: California tangu 1988 ina lengo 75% ya masomo kwenye vyuo vyake vya jamii (vyuo vya umma vya miaka miwili) yafundishwe na walimu wa muda wote, na 2021 ikatenga dola milioni 100 za kuwaajiri.