Huyo mbwa kwenye picha anamaanisha nini? Kuhusu nadharia za uhakiki wa sanaa

Swali tunaloulizwa kuliko yote kwenye kitengo chetu cha elimu ya sanaa ni hili, "hii picha inamaanisha nini?", na anayeuliza huwa anataka jibu moja fupi aende zake. Sasa shida ni kwamba picha hiyo hiyo inaweza kukupa majibu matano na yote yakawa na ushahidi, inategemea umeiendea na swali gani. Nadharia za uhakiki ndo hizo, ni maswali, na kila moja inaona kitu fulani vizuri sana alafu inaruka kingine kabisa, kwahiyo mhakiki mzuri ni yule anayejua kashika swali lipi na lini swali lake limeishiwa. Vitabu vingi vinazipanga kama orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani, mimi nitazipitisha hasa kwenye picha moja tuone zinafanyaje kazi.

Picha yenyewe ni ya mchoraji Jan van Eyck, ya mwaka 1434, iko kwenye jumba la sanaa la National Gallery, London, tangu 1842, na watu wanaiita picha ya Arnolfini. Ni ndogo, ubao wa kama sentimita 82 kwa 60. Mwanaume kavaa joho lenye manyoya na kofia kubwa nyeusi, kamshika mkono mwanamke mwenye gauni la kijani lenye kitambaa kingi mpaka limerundikana sakafuni. Chini kati yao kuna kambwa, juu kuna taa ya shaba ya kuning'inia yenye mshumaa mmoja tu unaowaka wakati ni mchana, machungwa yapo dirishani, mitalawanda imevuliwa imeachwa pembeni. Ukutani kuna kioo cha duara kilichobinuka, humo unawaona wale wawili kwa mgongo na watu wengine wawili wamesimama mlangoni, na juu ya kioo msanii kaandika kwa Kilatini kwamba Jan van Eyck alikuwa hapa, 1434.

Mwaka 1934 Erwin Panofsky, mtaalamu Mjerumani aliyehamia Marekani, aliandika makala akasema hii sio picha ya wageni sebuleni, ni ndoa inafungwa kwa siri na msanii ni shahidi, ndo maana kaweka sahihi ukutani kama kwenye cheti. Mbwa ni uaminifu, mshumaa ni Kristo anayeona yote, viatu vimevuliwa kwa sababu mahali ni patakatifu. Njia hii ndo ikonografia, na Panofsky baadaye aliipanga kwa hatua tatu, kwanza unatambua vitu vilivyochorwa, halafu unatafuta vilikuwa na maana gani kwa watu wa zama zile, mwisho unauliza vinasema nini kuhusu fikra za jamii nzima. Ni njia tamu sana kiukweli, ukishaionja unaanza kuona alama kila kona, hata kijiko kinakuwa na dini.

Na hapo ndipo inapoteleza. Baadaye zikapatikana kumbukumbu zinazoonyesha kwamba Arnolfini aliyekuwa akidhaniwa ndiye mwenye picha alioa mwaka 1447, yaani miaka 13 baada ya picha kuchorwa na miaka 6 baada ya Van Eyck kufariki, kwahiyo huenda ni ndugu yake wa ukoo mwenye jina karibu sawa, na wapo wanaosema mwanamke alikuwa ameshakufa na picha ni ya kumbukumbu. Halafu wataalamu walipopiga picha kwa mionzi ya infraredi kuona michoro ya chini ya rangi, mbwa hayumo! Kaongezwa baadaye kazi ikiwa inaendelea. Haimaanishi hana maana, msanii anaweza kupata wazo katikati ya kazi, ila ule mpango mzima wa alama uliofikiriwa tangu mwanzo unayumba. Ndo maana nawaambia wanafunzi, alama ithibitishwe kutoka nje ya picha, kwenye maandishi au picha nyingine za wakati ule. Ikikutoka kichwani mwako tu hiyo ni bahati nasibu.

Sasa mwite mhakiki Clive Bell wa Uingereza, ambaye mwaka 1914 alidai kwamba kinachofanya sanaa iwe sanaa ni mistari, rangi na namna vinavyohusiana, hadithi ni ya ziada. Huyu hajali nani kamuoa nani. Atakuonyesha kwamba taa, kioo, mikono iliyoshikana na mbwa vyote vimepangwa kwenye mstari mmoja wa wima katikati, mwanaume mwenye mavazi ya rangi nzito yuko upande wa dirisha, mwanamke mwenye gauni la kijani yuko upande wa kitanda chekundu na kijani na nyekundu zinachocheana, na mwanga wote unaingia kutoka kushoto. Ni kweli tupu, na uzuri wake unaweza kuhakiki kila neno kwa kuangalia tu. Ufomalisti huu ndo alioubeba mhakiki Clement Greenberg kule Marekani katikati ya karne ya 20 akitetea picha zisizo na umbo la mtu wala kitu, na kwa picha za aina hiyo sijaona njia inayofanya kazi vizuri zaidi. Lakini jaribu kuitumia yenyewe kwenye sanamu ya ibada au bango la vita uone itakavyobaki inakuelezea pembetatu.

Wa umaksi na wale wa historia ya jamii wao wanauliza nani kalipa. Ukoo wa Arnolfini walikuwa wafanyabiashara kutoka Lucca, Italia, waliojikita Bruges, mji wa Ubelgiji ya leo, ambako biashara ya vitambaa ilikuwa kubwa, na ukirudi kwenye picha na swali hilo unashangaa hukuona mwanzo, maana kila kitu humo ndani ni mali. Manyoya, shaba, kile kitambaa kilichozidi mahitaji ya mwili wa mtu, hata machungwa ambayo kwa Ulaya ya kaskazini yalikuwa ya kuagizwa kutoka kusini. Udhaifu wao ni kwamba wakishamaliza kuhesabu mali wanasahau kuwa wafanyabiashara wengine matajiri nao walichorwa na picha zao hakuna anayezikumbuka.

Mtazamo wa kifeministi watu wanauchukulia kama ni kutafuta wanawake ndani ya picha. Upo huo pia, kwa mfano yule mwanamke wengi wanasema ni mjamzito wakati ameinua tu gauni zito mbele ya tumbo kama mtindo ulivyokuwa, hata watakatifu mabikira walichorwa hivyo. Ila swali zito aliliuliza mwanahistoria wa sanaa Linda Nochlin mwaka 1971, kwanini hakukuwa na wasanii wakubwa wanawake, na jibu lake halikuwa kutafuta majina yaliyosahaulika, alienda kwenye mfumo: nani aliruhusiwa kuingia darasani. Kuna picha ya mchoraji Johan Zoffany ya mwanzoni mwa miaka ya 1770 inayoonyesha wanachama wa Royal Academy, chuo cha sanaa cha London, wamemzunguka mwanaume aliye uchi wakijifunza kuchora mwili. Wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser, walikuwa waanzilishi wa chuo hicho mwaka 1768, lakini humo chumbani hawapo, wapo ukutani tu kama picha mbili zilizotundikwa. Kumbuka nani hasa alitakiwa asiwepo mbele ya mtu aliye uchi, na kuchora mwili ndo kulikuwa msingi wa picha kubwa za heshima enzi hizo, hesabu iliyobaki unaifanya mwenyewe. Mwanamke mwingine kuchaguliwa mwanachama kamili pale ilikuwa 1936.

Nadharia inaweza pia kuimeza picha. Mwanafalsafa Martin Heidegger aliandika kwa uzuri mno kuhusu viatu vikuukuu vilivyochorwa na Van Gogh, akaona humo uchovu wa mwanamke mkulima, udongo, hofu ya kukosa mkate. Mwaka 1968 mwanahistoria wa sanaa Meyer Schapiro akasema jamani, viatu hivi ni vya Van Gogh mwenyewe, wakati huo alikuwa mkazi wa mjini. Baadaye akaja mwanafalsafa Jacques Derrida akawauliza wote wawili, nani kawaambia ni jozi? Mie hapo huwa nacheka, ila ni swali halali kabisa, ukivitazama vizuri unaanza kuwa na wasiwasi.

Kuhusu nia ya msanii nitapita haraka, tangu makala ya wanazuoni wawili wa Marekani, Wimsatt na Beardsley, mwaka 1946 wahakiki wengi hawaikubali kama hakimu wa mwisho, msanii akisema alikusudia huzuni na picha haina huzuni, basi haina. Na kuna nadharia ya taasisi, inayosema kitu kinakuwa sanaa kwa sababu ulimwengu wa sanaa umekipa hadhi hiyo, ambayo bila yenyewe huwezi kueleza lile beseni la kukojolea ambalo msanii Duchamp alilipeleka kwenye maonyesho kama sanaa mwaka 1917.

Imebaki hukumu, kwamba kazi ni nzuri au mbovu, na hapa ndo watu hugombana. Mwaka 1877 mhakiki Mwingereza John Ruskin aliandika kwamba mchoraji Whistler anaomba guinea 200, pesa za Uingereza za enzi hizo, kwa kuutupia umma kopo la rangi usoni, Whistler akamshtaki. Mahakamani mwaka 1878 akaulizwa kama kweli anadai hela yote hiyo kwa kazi ya siku mbili, akajibu anaidai kwa maarifa ya maisha yake yote. Akashinda, akapewa fidia ya fadhingi moja, sarafu ndogo kupindukia, na gharama za kesi zikachangia kumfilisi. Ukiwasoma wote wawili unaona hawakuwa wanabishania picha ile ile. Ruskin alikuwa anapima uaminifu kwa maumbile na jasho la kazi, Whistler anapima mpangilio wa rangi, na hakuna kati yao aliyeanza kwa kusema kipimo chake ni kipi, wakaenda moja kwa moja kwenye matusi na mawakili.