Kwa nini wimbo wa DJ na mwimbaji wa roki huchukua miaka kutoka?

DJ Avicii na Chris Martin, mwimbaji wa bendi ya roki ya Coldplay, walitunga "Heaven" mwaka 2014. Mashabiki waliupata rasmi Juni 2019, kwenye albamu ya TIM. Kifo cha Avicii, Aprili 2018, hakitoshi kueleza pengo hilo, maana kufikia siku hiyo wimbo ulikuwa umeshakaa takriban miaka minne.

Kila kolabo ina sababu zake, lakini kuna tatizo moja ambalo maprodyuza wa EDM, yaani muziki wa dansi wa kielektroniki, hukutana nalo tena na tena: biti inahama, sauti iliyorekodiwa haihami nayo.

Tuseme biti imeanza na mapigo 110 kwa dakika. Prodyuza anaijaribu klabuni, anaona imepoa, anaipandisha hadi 128. Kwa sinthesaiza na dramu za kompyuta, hiyo ni kubadilisha namba tu. Sauti ya mtu lazima iharakishwe kwa zaidi ya asilimia 16, na ukishapita asilimia 10 hivi masikio huanza kushtuka. Herufi "s" zinachakacha kama mchanga, na mtetemo wa mwisho wa mstari unakuwa wa mtu anayetetemeka kwa baridi. Sauti ya roki huumia zaidi kwa sababu ya ule mkwaruzo wake: programu hutafuta mawimbi yanayojirudia ili ikate na kuunga, na mkwaruzo haujirudii kwa mpangilio. Ukipandisha ufunguo, yaani kimo cha noti za wimbo, nusu toni tatu bila kulinda rangi ya sauti, mwanamume mzima anasikika kama mtoto.

Dawa ya kweli ni kurekodi upya, na hapo ndipo miezi inapoyeyuka. Mwimbaji yuko ziarani na bendi yake, na koo lililopiga kelele jukwaani jana halitoi leo mkwaruzo ule wa kwanza.

Kwa hiyo kubalianeni tempo (kasi ya mapigo) na ufunguo kabla ya maikrofoni kuwashwa. Mwimbaji arekodi akisikia klik, yaani mlio unaohesabu mapigo, masikioni, kisha atume faili za WAV, zisizobanwa, si MP3, zote zikianzia sekunde sifuri. Ziwe kavu kabisa, bila mwangwi. Hili la mwangwi wengi hulipuuza: uliopimwa kwa mapigo 110 hurudi kila milisekunde 545, wakati biti ya 128 inadai 469, basi kila mwisho wa mstari unagongana na dramu, na kuutoa ndani ya faili ni kazi ngumu mno. Kama sauti imeimbwa kwa mapigo 70, jaribu biti ya 140. Dramu zitakimbia maradufu na sauti haitaguswa.

Kwenye miksi, sinthesaiza nzito na sauti yenye mkwaruzo hugombania eneo moja la masafa ya sauti, kilohezi 2 hadi 4. Punguza sinthesaiza desibeli 2 au 3 hapo, pale tu anapoimba.

Halafu kuna makaratasi. Mwimbaji mwenye mkataba wa kipekee anahitaji ruhusa ya lebo yake, na lebo haitaki wimbo huo ugongane na albamu ya bendi. Asilimia za utunzi ziandikwe na kusainiwa siku ileile ya kurekodi, kabla mtu hajatoka studio. Ikipita miaka miwili, kila mmoja atakuwa na kumbukumbu yake ya nani alileta kiitikio.